Kuzuia maambukizi ya kidonda cha upasuaji: kazi kubwa iko kabla ya kushona

Mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani Ahero, Mbale au Njoro mshono ukiwa mkavu, kisha siku ya saba nguo inaanza kulowa usaha. Lawama huangukia watu wa nyumbani: maji machafu, vumbi la bodaboda, mama mkwe aliyegusa kidonda. Mara nyingi wanaonewa. Kidonda kilichoshonwa vizuri huziba kingo zake ndani ya saa 24 hadi 48, na vijidudu vinavyoleta usaha wiki moja baadaye kwa kawaida viliingia siku ile ile ya upasuaji, ngozi ikiwa wazi. Vingi vyao ni vya mgonjwa mwenyewe: stafilokoka wanaoishi kwenye ngozi na puani, E. koli na klebsiela wanaotoka tumboni.

Ndiyo maana antibiotiki za siku tano baada ya upasuaji haziokoi kidonda kilichoharibiwa thieta, yaani chumba cha upasuaji. Mwongozo huu ni wa wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wa hospitali za kaunti na kaunti ndogo nchini Kenya, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Busia. Sehemu inayohusu nyumbani inamfaa pia jamaa anayeuguza mtu wake.

Nani yuko hatarini zaidi

Maambukizi huhesabiwa kuwa ya upasuaji yakitokea ndani ya siku 30, au hadi siku 90 kwa baadhi ya upasuaji wa kuweka kipandikizi, kama vyuma vya mfupa. Yanaweza kuwa ya ngozi tu, yakashuka hadi kwenye misuli, au yakafika ndani kabisa, kwa mfano kwenye mfuko wa uzazi.

Kwa upande wa mgonjwa, tazama kisukari kisichodhibitiwa, uvutaji wa sigara, unene, utapiamlo, upungufu wa damu, na virusi vya HIV ambavyo havijatulizwa kwa dawa. Kuna pia maambukizi yaliyokwisha kuwepo mahali pengine mwilini: jipu pajani, jino bovu, maambukizi ya njia ya mkojo. Kama upasuaji si wa dharura, ngiri kwa mfano, tibu jipu kwanza, na upasuaji usubiri.

Kwa upande wa upasuaji wenyewe, kinachopima hatari ni uchafu wa sehemu inayokatwa na muda unaotumika. Ngiri ni sehemu safi. Upasuaji wa kujifungua unafungua mfuko wa uzazi ulio karibu na vijidudu vya ukeni, kwa hiyo hatari inapanda. Utumbo uliotoboka ni uchafu mtupu. Mama aliyehamishwa kutoka zahanati baada ya uchungu wa siku nzima, chupa imevunjika tangu jana na amepimwa njia mara nyingi, hafanani na mama aliyepangiwa upasuaji wa asubuhi. Andika saa chupa ilipovunjika na idadi ya vipimo vya njia kwenye karatasi ya rufaa, kwa sababu anayempokea hawezi kukisia.

Sukari ipimwe kwa kila mwenye kisukari kabla, wakati na baada ya upasuaji, na isipite 11 milimoli kwa lita. Usiishushe kwa pupa, maana sukari ikianguka mgonjwa akiwa usingizini hakuna atakayeona jasho wala kuchanganyikiwa kwake. Mvutaji sigara aache angalau wiki 4 kabla. Anayetumia ARV asikatize: ameze kidonge chake asubuhi kwa funda dogo la maji, baada ya kukubaliana na mtaalamu wa nusukaputi.

Kuoga na nywele

Mgonjwa aoge mwili mzima usiku uliotangulia au asubuhi ya upasuaji. Sabuni ya kawaida inatosha. Asugue kitovu, kinena na kwapa, akate kucha na kufuta rangi, kisha avae gauni safi na kulala kwenye shuka safi. Wodi ambayo maji ya mfereji hukatika iwe na mapipa yaliyojazwa mapema, ndoo moja ikitengwa kwa kila mgonjwa wa upasuaji. Jambo hili linaonekana dogo na ndilo linaloachwa kwanza maji yakipotea.

Wembe usitumike. Unaacha michubuko isiyoonekana kwa macho, bakteria wanajaa humo usiku kucha, na asubuhi kisu kinapita juu yao. Kina mama wengi hujinyoa nyumbani kabla ya kuja kujifungua kwa sababu wanaamini hospitali inataka hivyo, basi waambiwe kliniki ya wajawazito, mapema: usijinyoe, njoo ulivyo. Nywele zikizuia kazi kweli, zipunguzwe kwa klipa (mashine ya kukatia nywele) ya hospitali yenye kichwa kinachobadilishwa au kutakaswa, siku ile ile, nje ya meza ya upasuaji.

Antibiotiki: saa ni muhimu kuliko wingi

Dawa inatakiwa iwe tayari ndani ya nyama kisu kinapogusa ngozi. Kwa upasuaji mwingi, kujifungua ukiwemo, dozi ni sefazolini gramu 2 kwenye mshipa, ndani ya saa moja kabla ya kukata. Mwenye kilo 120 au zaidi apewe gramu 3. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaruhusu hadi dakika 120 kabla, lakini sefazolini haikai sana mwilini, hivyo saa moja ndiyo salama. Upasuaji wa utumbo mpana na kidole tumbo uongezewe metronidazoli miligramu 500. Mwenye mzio mkali wa penisilini apewe klindamisini miligramu 900, pamoja na jentamaisini pale inapohitajika, kwa mfano kwenye upasuaji wa kujifungua. Upasuaji ukipita saa 4, au damu ikimwagika zaidi ya mililita 1,500, rudia sefazolini papo hapo mezani. Mguu au mkono ukifungwa mkanda wa kubana damu, dawa iwe imeingia yote kabla mkanda haujakazwa, la sivyo haitafika penye kidonda.

Katika upasuaji wa kujifungua, zamani dawa ilisubiri hadi kitovu cha mtoto kibanwe. Desturi hiyo imepitwa na wakati: mpe mama kabla ya kukata, atalindwa vizuri zaidi.

Kosa la kawaida ni la mpangilio. Sindano inachomwa wodini saa mbili asubuhi, kisha dharura inaingia au umeme unapotea, na mgonjwa anakatwa saa tano. Dawa ilishatumika bure. Basi sindano ichomwe thieta, na mtu mmoja, ambaye ni mtoa nusukaputi, awe ndiye mwenye jukumu. Aandike saa, kisha aitaje kwa sauti wakati timu nzima inasimama kusoma orodha ya usalama kabla ya kukata.

Baada ya kushona, usiendelee. Kama upasuaji ulikuwa safi au wenye uchafu mdogo, dozi za wodini hazipunguzi maambukizi. Zinachosha bajeti ya familia, zinaleta kuhara na zinafundisha bakteria wa wodi yako kuzoea dawa. Seftriaksoni, inayoandikwa karibu kwa kila mgonjwa, imo kwenye kundi ambalo WHO inataka litumike kwa uangalifu, kwa hiyo itunzieni kazi yake. Hospitali ya Thika ilihamisha dawa kutoka baada ya upasuaji kwenda kabla, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha maambukizi ya juu ya ngozi yakipungua na gharama zikishuka. Ila kidole tumbo kilichopasuka na kuacha usaha tumboni ni ugonjwa wa kutibiwa, si kinga, na hapo dawa huendelea kwa siku zinazoamuliwa na daktari.

Mikono na ngozi

Pete, saa na bangili zivuliwe. Kucha ziwe fupi. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 2 hadi 5, mikono ikiwa juu ya viwiko ili maji yateremke kuelekea kiwiko. Brashi ngumu haihitajiki kwenye ngozi, inachubua. Mahali ambapo maji si ya kuaminika, spiriti ya kupaka mikono ni bora kuliko maji ya pipa, mradi mikono ilikuwa safi na mikavu kabla, ngozi ibaki imelowa muda wote wa kupaka, kisha ikauke kabisa kabla ya glavu.

Duka la dawa la hospitali linaweza kuitengeneza kwa fomula ya WHO. Kwa lita 10: ethanoli ya 96% mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya 3% mililita 417, gliserini ya 98% mililita 145, kisha jaza hadi lita 10 kwa maji yaliyotoneshwa au yaliyochemshwa na kupoa. Ikae saa 72 kabla ya kutumiwa, ili mbegu za bakteria zilizokuwa kwenye chupa zife. Iwekwe mbali na moto.

Ngozi ya mgonjwa ipakwe dawa ya kuua vijidudu: klorheksidini yenye spiriti, au povidoni-aiodini. WHO inapendelea ya kwanza, lakini utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 7 za kipato cha chini na cha kati, matokeo yakatoka 2021, haukuona tofauti ya maana kati ya hizo mbili kwenye upasuaji wa tumbo. Kwa hiyo kukosa klorheksidini si sababu ya kuahirisha. Kubwa zaidi ni kuiacha ikauke, dakika 3 kwa yenye spiriti. Spiriti iliyodimbwika chini ya mgongo inaweza kushika moto mashine ya kuunguza mishipa ikiwashwa. Usijazie chupa ya zamani juu kwa juu, kwa maana bakteria huishi hata ndani ya dawa. Kwa upasuaji wa kujifungua, safisha pia uke kwa povidoni-aiodini ya maji, isiyo na spiriti, kabla ya kuanza.

Vifaa: hapa Nakuru na Kisumu zinatofautiana

Kwanza vifaa vioshwe. Kuviloweka kwenye klorini ya 0.5% kabla ya kuviosha ni desturi iliyoota mizizi, na WHO haiipendekezi tena: klorini inakula chuma, damu inagandia kwenye maungio, na anayeviosha anajiona salama kumbe hayuko. Pangusa damu thieta, viweke vikiwa na unyevu, kisha vioshe kwa sabuni na brashi laini chini ya maji ili matone yasiruke. Kila mkasi na kibanio vifunguliwe. Suuza, kausha, kagua penye bawaba. Mvuke haupiti kwenye damu kavu.

Kisha otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Vifaa vilivyofungwa kwenye kitambaa, katika mashine isiyovuta hewa kwa pampu, vinahitaji nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 30, saa ianze kuhesabiwa joto likishafika. Wengi husoma geji ya presha na kuridhika ikifika pauni 15 kwa inchi ya mraba. Pauni 15 zinaleta nyuzi 121 usawa wa bahari. Geji inapima presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, na hewa ya milimani ni nyepesi, kwa hiyo unahitaji takriban nusu pauni zaidi kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, hivyo ni kama pauni 17. Nakuru iko karibu mita 1,850, na huko ni kama pauni 18. Mashine ndogo ya mezani inayosimamishwa kwenye 15 Nakuru haijafika joto linalotakiwa. Fuata kipimajoto, si presha, na usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa na mtengenezaji. Fundi wa vifaa tiba aipime na kuirekebisha.

Dramu za chuma, makopo ya kutakasia gozi, zina matundu ubavuni. Zikiingia, matundu yawe wazi ili mvuke upenye. Zikitoka, yafungwe mara moja. Dramu iliyoingia ikiwa imefungwa hutoka moto, utepe wa nje umegeuka rangi, na gozi za ndani hazikutakaswa hata kidogo. Utepe huo unathibitisha tu kwamba dramu ilipita kwenye joto. Weka kiashiria kingine katikati ya mzigo, na mara moja kwa wiki tumia kichupa cha mbegu za bakteria wanaostahimili joto, uone kama mashine imewaua. Fungu lililotoka limelowa halitumiki, maana unyevu unavuta vijidudu kupitia kitambaa; rudisha mzigo wote. Usibananishe mafungu, na usiyatoe kabla ya dakika 15 hadi 30 za kukauka.

Wakati wa upasuaji

Milango ifungwe na watu wapunguzwe. Wanafunzi wanne wanaoingia na kutoka ni vumbi na nywele zinazoelea. Joto la mwili wa mgonjwa lisishuke chini ya nyuzi 36: mwili baridi hubana mishipa, na ngozi isiyopata damu haipati oksijeni wala antibiotiki. Blanketi lianze wodini, na dripu ipashwe joto.

Mpasuaji asiache damu iliyoganda, asikaze nyuzi hadi nyama iwe nyeupe, na asiache nafasi tupu chini ya ngozi.

Kabla ya kufunga tumbo, timu yote iliyo mezani ibadilishe glavu na ichukue vifaa safi vya kushonea. Jaribio lililochapishwa 2022, lililohusisha zaidi ya wagonjwa 13,000 katika hospitali 81 za nchi 7, Rwanda na Nigeria zikiwemo, lilionyesha maambukizi kushuka kutoka 18.9% hadi 16.0% kwa hatua hiyo pekee. Haihitaji mashine mpya. Fungeni fungu dogo tangu chumba cha kutakasia: kishika sindano, koleo lenye meno, mkasi wa nyuzi, vibanio viwili, kitambaa cha kufunika. Liandikwe "KUFUNGA", lisiguswe mpaka hesabu ya gozi ikamilike.

Kidonda kichafu, kama mguu uliopasuliwa na ajali ya bodaboda au tumbo lililojaa kinyesi, kisifungwe ngozi siku hiyo. Osha kwa maji mengi ya chumvi ya dripu, ondoa nyama iliyokufa, weka gozi yenye unyevu, na shona siku ya 3 hadi 5 kikiwa chekundu na safi. Familia huogopa kuona kidonda wazi, basi waelezeni mapema sababu yake. Mfupa uliotokeza nje upewe antibiotiki ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike, hata kabla ya picha.

Wodini

Bandeji ya kwanza ikae saa 48 isipolowa. Kuifungua kila raundi ili kutazama tu ni kukikaribisha kidonda kwa mikono ya wodi nzima. Ikilazimu, anza na vidonda safi, malizia na vyenye usaha, ukisafisha mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kibakuli kimoja cha dawa kinachochovywa gozi za wagonjwa kumi kinasambaza usaha wa mmoja kwa wote. Mpira wa mkojo na mipira ya kutoa majimaji itolewe mapema iwezekanavyo. Pale ambapo wodi ya wazazi inalaza wawili kitanda kimoja, mwenye usaha asilazwe na aliyepasuliwa leo. Hilo lisimamiwe na sista mkuu wa zamu mwenyewe.

Nyumbani

Baada ya saa 48 mgonjwa anaweza kuoga, maji yakipita juu ya mshono, kisha aukaushe kwa kupapasa na kitambaa safi. Asipake spiriti, jiki, majivu, dawa ya meno, miti shamba wala unga wa kapsuli iliyofunguliwa. Mshono mkavu hauhitaji kitu.

Usaha mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 10. Dalili ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaotambaa (kwenye ngozi nyeusi utaona weusi unaong'aa na joto), uvimbe, maji yenye harufu, nyuzi kuachia, homa. Kwa aliyejifungua ongeza uchafu wa ukeni wenye harufu na maumivu chini ya kitovu. Maumivu makali mno na ngozi kugeuka zambarau au kutoa malengelenge, hasa katika siku 2 za kwanza, ni dharura ya saa, si ya kesho.

Ukanda wa ziwa una malaria nyingi, hivyo homa baada ya upasuaji humezewa dawa ya malaria kwanza. Pima malaria, lakini fungua nguo utazame kidonda siku hiyo hiyo, hata kipimo kikisema malaria ipo.

Chukua namba ya simu ya mgonjwa na ya jamaa mmoja, kisha mpigie siku ya 7, 14 na 30, kwa lugha anayoielewa. Maswali yawe ya kujibika: "Mama, kidonda kiko kikavu ama kinalowesha nguo? Kimeachia mahali? Maumivu ya leo yamezidi ya jana? Kuna mahali umeenda ukapewa dawa?" Ukimuuliza tu "unaendeleaje?", atajibu "salama" kwa adabu. Asiyepatikana kwa simu, mhamasishaji wa afya wa kijiji chake amfikie.

Kikishaambukizwa

Usaha hutolewa, hautibiwi kwa vidonge. Toa nyuzi za sehemu iliyovimba, fungua, chukua usaha kwa ajili ya maabara kabla ya antibiotiki yoyote, osha kwa maji ya chumvi, jaza gozi yenye unyevu bila kushindilia, na ubadilishe kila siku. Antibiotiki ziongezwe wekundu ukitambaa, homa ikiwepo au mgonjwa akiwa amedhoofika. Homa isiposhuka kidonda kikishafunguliwa, tafuta usaha wa ndani kwa picha ya mawimbi ya sauti.

Kila kisa kiingie kwenye daftari: tarehe na aina ya upasuaji, daraja la uchafu, saa ya antibiotiki na saa ya kukata, muda uliotumika, siku usaha ulipoonekana, kina chake, bakteria waliopatikana. Gawanya visa kwa idadi ya upasuaji wote wa mwezi, zidisha kwa 100, ubandike jibu ukutani thieta. Hospitali 5 za nchi 4 za Afrika, Kenya ikiwemo, zilipounganisha kipimo hiki na hatua kama hizi, maambukizi yalishuka kutoka 8.0% hadi 3.8%, matokeo yakachapishwa 2018. Miezi ya kwanza namba yako huenda ikapanda kwa sababu sasa unapiga simu na kuhesabu waliokuwa wakipotelea nyumbani. Mkuu wa hospitali aelezwe hivyo kabla hajaiona.